Kutunza bonde la kijito: anzia mlimani, ushuke nacho hadi darajani

Kijito kikifurika, macho ya watu wote hukimbilia pale kilipofurikia: darajani, kwenye nyumba zilizoingia maji, kwenye shamba lililofunikwa mchanga. Hapo ndipo sauti za "leteni kijiko kichimbe", yaani ile mashine ya kuchimbia, zinapoanza. Mimi ni mwanamke wa Bigwa, Morogoro, mkulima wa mbogamboga na katibu wa jumuiya yetu ya watumia maji, na ninawaomba wenzangu tuanze kwingine. Kazi ya kupunguza mafuriko inafanyika juu, kwenye mashamba, njia za miguu na chemchemi, tena miezi ambayo hakuna hata wingu. Ikifanyika vizuri huko, wa chini wanapata nafuu, na samaki na vyura wa kijito wanapata nafuu pamoja nao.

Kijito chetu ni kidogo, kiangazi mtoto anakiruka. Kinatoka kwenye msitu wa Uluguru, kinapita mashamba ya mahindi, maharage na migomba, kinakatiza makazi, kisha kinaungana na wenzake kwenda Mto Ngerengere. Ngerengere nao unaingia Ruvu, mto unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Tope la shambani kwangu lina safari ndefu. Mifano yangu ni ya hapa, lakini kazi hizi zinafaa kwa kijito chochote cha milimani, iwe Upare, Usambara, Taita au Rungwe.

Kwanza pandeni mkaone

Tembeeni kutoka darajani hadi chemchemi mara mbili: kiangazi, halafu tena mvua ikiwa imetoka kunyesha. Kiangazi mtaona kingo zilizomeguka, mashimo ya mchanga, tanuri za matofali, bustani zilizosogezwa hadi mdomoni mwa maji. Mvua ikinyesha mtaona jambo kubwa zaidi, yaani tope linatokea wapi. Kila penye makutano, simameni mwangalie mikono yote miwili. Mara nyingi mmoja unashuka mwekundu na mwingine mawe ya chini yanaonekana. Fuateni ule mwekundu. Mkifanya hivyo kila makutano mtafika kwenye chanzo chenyewe, na mara nyingi ni sehemu ndogo kuliko mlivyodhani: shamba moja lililolimwa kwa kufuata mteremko, au njia ya bodaboda iliyogeuka korongo.

Nendeni na mwenyekiti wa mtaa, wakulima wa juu, mzee anayekumbuka kijito kilikuwa kinapita wapi zamani, na vijana wanaochimba mchanga. Hao vijana wasiachwe, wao ndio wanaojua kitanda cha kijito kimeshuka kiasi gani. Chora ramani kwenye karatasi, ya mkono inatosha, weka alama kila penye tatizo, na andika jina la mwenye eneo. Kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki.

Nisisitize kuhusu watu wa juu. Uluguru tuna historia ya jambo hili. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wachimbe matuta makubwa ya ngazi mlimani kote. Matuta yale yalikula nguvu nyingi, na pengi yaliutoa juu udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakafifia. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo na mpango ukavunjika. Kwa hiyo usipande kwa mtu wa mlimani na amri mkononi. Anayetunza udongo wa juu anatoa jasho kwa faida ya wa chini, na wa chini wana deni kwake. Kibungo Juu, upande wa kusini wa milima yetu, wakulima waliotunza mashamba yao waliwahi kulipwa na watumiaji wakubwa wa maji wa Dar es Salaam, kampuni ya maji ikiwa mmojawapo. Sisi hatuna fedha hizo, ila watu wa bondeni wananunua viriba vya kuoteshea miche na mbegu, wanapanda siku za msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na kusomba mawe. Mkulima akiona jirani wa bondeni amebeba jiwe hadi shambani kwake, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Mashambani

Februari 1970, huko Mgeta, humu humu Uluguru, mvua ya saa zisizozidi tatu iliangusha maporomoko ya udongo zaidi ya elfu moja. Watafiti walipoyahesabu walikuta karibu yote yameanzia kwenye mashamba na maeneo ya nyasi. Yaliyoanzia penye miti hayakufika asilimia moja. Mimi hiyo takwimu ndiyo ninayoisema kila mkutano. Mizizi inashika mlima, na majani yaliyooza chini yanaipa mvua nafasi ya kuzama.

Kinachovua nguo mlima kwetu ni moto. Septemba na Oktoba watu huchoma mashamba kabla ya vuli, na mvua ya kwanza, ambayo ndiyo yenye matone makali, inakuta ardhi haina kitu. Ukiweza kufanya jambo moja tu mwaka huu, fanya makubaliano ya kutochoma. Mabua na magugu yalazwe kwa mistari kukatisha mteremko. Anayelazimika kuchoma asafishe kwanza ukanda wa kuzuia moto, awaite majirani, achome jioni upepo ukiwa umetulia.

Kabla hujachimba mtaro au kupanda mstari wa majani, unahitaji kujua usawa wa ardhi unapita wapi, kwa sababu jicho la mtu hudanganywa na mlima. Kifaa chake ni fremu ya A, na haina gharama. Chukua fito mbili za mita mbili, zifunge pamoja juu, zitanue miguu kiasi cha mita mbili, funga fito ya tatu katikati ili ifanane na herufi A. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu, ipite mbele ya fito ya kati. Sasa ipime: simamisha fremu, weka alama ya mkaa pale kamba inapogusa fito. Geuza, mguu wa kulia uende kwenye alama ya wa kushoto na wa kushoto uende kwa wa kulia, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Ukiwa shambani, shikilia mguu mmoja, zungusha mwingine juu au chini mpaka kamba iguse ile ya katikati, piga mambo (vigingi) kwenye nyayo za fremu, endelea. Mambo zitakwenda zikipinda kama mgongo wa nyoka na wengi watataka kuzinyoosha. Wakatazeni. Mtaro ulionyooka mlimani una mahali palipo chini, na maji yote yatakusanyika hapo na kuvunja.

Kwenye mambo hizo panda majani. Vetiva ndiyo yenye mizizi mirefu inayozama wima, panda vipande kwa umbali wa shubiri moja au pungufu, visiachane, maana mwanya mmoja unageuka mlango wa maji. Mabingobingo na majani ya Guatemala hayana mizizi kama hiyo ila ng'ombe anakula, na mkulima atatunza kitu kinachomlisha ng'ombe. Mimi ninachanganya. Mstari mmoja mpaka mwingine, pima kwa kimo chako: simama kwenye mstari wa chini, tazama mbele moja kwa moja, pale macho yanapogusa mlima ndipo mstari wa juu unapopita. Penye mteremko mkali sana, ipunguze nafasi hiyo.

Fanya juu, ule mtaro ambao udongo wake unarushwa upande wa mlimani, upana na kina sentimita 60 hivi, unafaa penye mteremko wa wastani na udongo mzito wa kutosha. Msiuchimbe penye mteremko mkali wenye udongo mwembamba juu ya mwamba. Mtaro hapo unasimamisha maji, yanazama hadi kwenye mwamba, na udongo wote unateleza. Huko juu wazee wetu wana ngazi zao: mkulima anaanzia chini ya shamba, analaza magugu mstari, anavuta udongo kwa jembe kuyafunika, anapanda hatua moja, anarudia. Magugu yanaozea ndani na kuwa mbolea, kila ngazi inashika maji kidogo, hakuna mahali yanapojaa mengi. Nazipenda ngazi hizi kuliko kitu chochote nilichofundishwa semina.

Njia na makorongo

Watu husahau njia. Njia ya miguu inayoshuka mlima moja kwa moja ni mfereji, na ikianza kupitisha pikipiki ni mfereji mkubwa. Ponyeni njia kwa kulaza magogo au safu ya mawe kuikatisha kwa mshazari, kila hatua kumi au kumi na tano penye mteremko mkali, ili maji yatoke njiani kidogokidogo. Yaelekezwe kwenye nyasi au kichaka, wala yasiende shambani kwa jirani, vinginevyo mtakuwa mmepanda ugomvi.

Korongo likishaanza, msilijaze taka na kifusi. Kwanza yazuieni maji yanayoingia kichwani mwake kwa mstari wa majani au mtaro mdogo juu yake. Kisha jengeni vizuizi vya mawe ndani, kuanzia juu mkishuka. Kila kizuizi kisizidi kimo cha mita moja, na vifupi vingi ni bora kuliko kirefu kimoja. Chimba kingo zote mbili kiasi cha nusu mita, mawe yaingie ndani ya ukingo, la sivyo maji yatapita pembeni na kupanua korongo. Katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yajue pa kupita. Chini ya kizuizi, pale maji yanapoangukia, panga mawe bapa makubwa, kwa sababu vizuizi vingi hufa kwa kuchimbwa miguu. Umbali kati ya kimoja na kingine unajulikana hivi: kichwa cha kizuizi cha chini kiwe sawa na mguu wa kizuizi cha juu. Mvua ya kwanza italeta mchanga nyuma ya kila kizuizi. Hapo hapo pandeni mabingobingo kwenye ule mchanga ukiwa na unyevu. Baada ya misimu michache korongo linakuwa ngazi za kijani, na mawe hayaonekani tena.

Chemchemi na kingo

Zungushieni chemchemi uzio wa miti hai, ng'ombe wasikanyage, na bomba la kuchotea litoke nje ya uzio. Mikaratusi isipandwe karibu na chanzo, inakunywa sana. Mti wetu wa maji ni mkuyu. Tawi lake nene likikatwa na kuchimbiwa mwanzoni mwa masika linashika, na hiyo ni nafuu kubwa kwa wasio na kitalu. Mkangazi nao ni mzuri bondeni.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuudhuru. Mlimani mita 60 inaweza kuwa shamba zima la mjane. Sisi tumekubaliana hivi: karibu kabisa na maji hakuna jembe wala bomba la kupulizia dawa, ni miti ya asili, matete na nyasi. Juu yake migomba na miti ya matunda, ambayo haihitaji kutifua kila msimu. Mahindi yanarudi nyuma. Ni bora ukanda mwembamba unaoheshimiwa na kila mtu kuliko mita 60 za kwenye karatasi, halafu kila mwaka mnausogeza. Kwa jambo lolote la kugusa kitanda cha kijito, kama kujenga banio (kizuizi cha kuchepushia maji) au kuhamisha mkondo, nendeni kwanza Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ndani ya hifadhi ya msitu, Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ndio wenye mamlaka.

Sasa kuhusu kijiko. Nimeona kijito kikinyooshwa na kuchimbwa kina kwa mashine, kazi ikakamilika kwa siku chache na kila mtu akapiga makofi. Masika iliyofuata maji yalishuka kwa kasi zaidi, kingo zikameguka pande zote, na tope likaenda kuziba daraja la chini. Kona za kijito zina kazi, zinapunguza mwendo. Mashimo yenye kina kwenye kona ndiyo kimbilio la samaki kiangazi, maji yakibaki uzi. Gogo lililolala majini na mizizi inayoning'inia ukingoni ni nyumba za kaa na kambale. Gogo la kuondolewa ni lile linaloelekea kunasa chini ya daraja, mengine yaacheni.

Kona ya nje inayomeguka, panga mawe mguuni na upande matete na vipande vya mkuyu juu yake. Kona ya ndani, pale mchanga unapojikusanya, paacheni. Uchimbaji mchanga nao una gharama isiyoonekana pale pale: shimo linapanda kuelekea juu ya mkondo, kitanda kinashuka, kingo zinabaki zinaning'inia, nguzo za daraja zinaachwa wazi. Tulikaa na vijana, tukatenga mahali pamoja pa chini ambapo mchanga unarudi kila msimu, na hakuna kuchimba karibu na daraja. Wanahitaji kula, na makubaliano yasiyokumbuka hilo hayadumu.

Kama bonde lenu lina kinamasi, lindeni hicho kuliko kitu kingine chochote cha bondeni. Maji ya mafuriko yanapotandaa pale, hayajafika mlangoni kwa mtu. Vyura wanataga kwenye madimbwi yanayobaki, na ndege kama korongo na yangeyange wanakuja kuwafuata. Kifusi kikianza kumwagwa pale, kimbieni kwa mtendaji siku hiyo hiyo, maana nyumba ikishaota hakuna wa kuiondoa.

Huku chini, kwenye nyumba zetu

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 50 ikipiga, linatoa lita 3,000, na zote zinakwenda kijitoni upesi. Wekeni mifereji ya bati na simtanki, au pipa kwa asiye na uwezo. Maji yanayozidi yapelekwe kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na msingi na mbali na choo. Karavati zizibuliwe mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Septemba, na tope likitolewa lisombwe na kuondolewa. Likiachwa ukingoni linarudi lilikotoka na mvua ya kwanza.

Kazi hizi zote zinapunguza mafuriko madogo na ya kati, na tope linapungua sana. Mvua kubwa kabisa bado itajaza bonde. Kwa hiyo wekeni utaratibu wa tahadhari. Sisi tuna kundi la WhatsApp, wakazi wa juu wanatuma sauti kijito kikianza kuunguruma, na wasio na simu janja wanapigiwa na balozi. Fuatilieni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Na kila mtoto afundishwe hili: mvua kubwa ikiwa inanyesha na kijito kikapungua ghafla, kuna maporomoko yameziba juu. Pandeni kingo haraka, msisubiri kuona. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini hayavukwi.

Mtajuaje kama kazi inasaidia

Pakeni rangi alama za kila sentimita kumi kwenye nguzo ya daraja, na mtu wa karibu aandike maji yalifika wapi na saa ngapi. Tengenezeni kipimamvua kwa chupa yenye ukuta ulionyooka, mkiweke wazi mbali na miti. Mvua za ukubwa ule ule zikianza kuleta maji ya chini zaidi, au yanayochelewa kufika, mlima umeanza kushika. Kila baada ya mvua kubwa chota chupa moja mahali pale pale, iache itulie usiku kucha, pima unene wa tope chini. Tunazihifadhi chupa hizo kwenye ofisi ya mtaa zikiwa na tarehe, na zimemaliza ubishi mwingi.

Kwa uhai wa kijito, wapeni kazi watoto wa shule. Kiangazi, wageuze mawe taratibu penye maji yanayotiririka na wahesabu wanachokiona: kaa, wadudu wenye mikia mitatu waliong'ang'ania chini ya jiwe, watoto wa kereng'ende. Kisha warudishe kila jiwe lilivyokuwa. Wale wa mikia wakitoweka ghafla sehemu moja, panda mkono huo uulize nani ameosha bomba la dawa.

Ratiba yetu ni hii. Juni na Julai tunatembea bonde na kukarabati vizuizi, kwa sababu jiwe moja lililong'oka Mei likiachwa hadi Machi linaondoka na kizuizi kizima. Agosti ni mkutano wa moto. Septemba tunazibua karavati na kujaza viriba. Vuli ikianza tunapanda majani, na miti mingi inasubiri masika, ardhi ikiwa imelowa hadi chini. Miche inapaliliwa miaka miwili ya mwanzo, na iliyokufa inapandwa upya Machi inayofuata, kabla hatujapanda mipya popote.